Taa za nyuma za pikipiki: balbu ya LED, indiketa zinazowaka muda wote, au taa ya ziada?

Taa ya nyuma ya pikipiki hufanya kazi mbili zinazovutana. Ya kwanza ni kumjulisha aliye nyuma kwamba mbele yake kuna chombo. Ya pili ni kumjulisha pale chombo hicho kinapopunguza mwendo au kinapotaka kukata kona. Kazi ya kwanza inahitaji mwanga wa kudumu; ya pili inahitaji mwanga ubadilike. Ukiuzidisha ule wa kudumu, mabadiliko hayaonekani tena na breki yako inakuwa siri yako mwenyewe. Vifaa vingi vinavyouzwa kwa jina la usalama vinaharibu hapo hapo.

Balbu ya kawaida ya filamenti mbili (nyaya nyembamba zinazong'aa ndani yake), P21/5W (kitako chake ni BAY15d, ndugu yake wa Marekani ni 1157), hutoa takriban lumeni 35 (kipimo cha wingi wa mwanga) kwenye filamenti ndogo na 440 kwenye ile ya breki. Uwiano unapita mara kumi na mbili. Kanuni ya taa za magari ya Marekani, FMVSS 108, inadai kwamba taa inayobeba kazi zote mbili, ikipimwa katikati, mwanga wa breki uwe angalau mara tano ya ule wa kudumu. Shika hiyo tano. Itatumika kupima kila kitu hapa chini.

Kipimo cha pili ni upana. Usiku, taa moja inapokaribiwa, kinachobadilika machoni mwa dereva ni ukali wake, na ukali hudanganya: taa hafifu iliyo karibu hufanana na taa kali iliyo mbali. Taa mbili zilizoachana sentimita 30 humpa kitu cha kupimia. Akiwa mita 100 nyuma yako, mwanya kati yake ni kama dakika 10 za pembe (dakika moja ni sehemu ya sitini ya digrii). Akifika mita 50 umekuwa dakika 20. Jicho zima hutenganisha vitu vilivyoachana dakika moja hivi, kwa hiyo kutanuka huko anakuona mapema na kujua anakusogelea kwa kasi gani. Kwa sababu hiyo, njia zinazoongeza upana zinatangulia hapa kuliko zinazoongeza ukali.

Kwanza pima ulichonacho

Mwanga wa balbu ya filamenti hushuka haraka kuliko volti zinavyoshuka. Balbu iliyotakiwa kupata volti 13.5 ikipata 12.5 hupoteza karibu robo ya mwanga wake, ikipata 11.5 hubaki na chini ya asilimia 60. Kwa hiyo weka multimita kwenye volti za DC, washa injini, kandamiza breki, kisha gusa nguzo chanya ya betri kwa waya mmoja na ncha ya soketi kwa mwingine. Ukisoma zaidi ya volti 0.5, umeme unapotelea njiani: plagi yenye kutu, swichi ya breki iliyochoka, au soketi iliyolegea. Rudia upande wa ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri, kati ya nguzo hasi na ganda la soketi. Hapo isizidi 0.2.

Ethi mbovu ndiyo huleta vituko. Ukikanyaga breki indiketa zinawaka hafifu, au taa ya nyuma inazimika badala ya kuongezeka. Umeme ukikosa njia ya kurudi hupitia filamenti nyingine hadi ufike kwenye taa yenye ethi nzima. Usinunue chochote kabla hujatibu hilo, maana moduli yoyote ya kielektroniki itachanganyikiwa zaidi ya balbu.

Rekebisha pia swichi ya breki ya mguu. Shika mwili wake usizunguke, zungusha nati ya plastiki mpaka taa iwake pedali inapoanza tu kushuka, kabla breki haijauma. Hiyo haigharimu kitu, na inamwezesha anayeshuka gia kumwashia aliye nyuma taa kwa kugusa pedali tu. Injini ikipunguza mwendo peke yake, hakuna taa inayowaka.

Balbu ya LED ndani ya taa ile ile

Hii ndiyo njia rahisi kuliko zote: toa balbu, weka nyingine yenye kitako hicho hicho. Faida yake ya kweli ni kasi. Filamenti huchukua takriban sekunde 0.2 kufikia mwanga wake, LED huwaka papo hapo. Kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa, aliye nyuma anakuwa amepewa mita tano na nusu za ziada.

Hasara zake hazisomeki kwenye pakiti. Bakuli la kuakisi ndani ya taa limeundwa likitegemea filamenti ikae mahali fulani na imwage mwanga pande zote. Balbu ya LED yenye vipande vya mwanga kwenye ncha tu hulipita bakuli hilo, ikatoa doa kali katikati na giza pembeni. Kama soketi yako inaelekea nyuma moja kwa moja, chagua yenye LED kwenye kuta zake pande zote. Kama balbu hulala ubavuni, zile za kuta ndizo hasa zinazohitajika. Za kwenye ncha zitamulika ukuta wa ndani wa taa.

Rangi nayo ni mtego. Nyuma ya lenzi nyekundu weka LED nyekundu, na nyuma ya lenzi ya chungwa weka LED ya chungwa. LED nyeupe ina wekundu kidogo katika mwanga wake, kwa hiyo lenzi nyekundu huchuja sehemu kubwa na kubakiza kidogo. Lakini angalia chini ya taa: pikipiki nyingi zina kidirisha kisicho na rangi kinachomulika kibao cha namba kwa balbu hiyo hiyo. Ukiweka nyekundu, namba nayo itamulikwa kwa nyekundu, jambo ambalo sheria za nchi nyingi hazikubali. Tafuta balbu nyekundu yenye LED chache nyeupe zinazoelekea chini, au funga taa ndogo nyeupe ya namba peke yake.

Sasa ile tano. Balbu nyingi rahisi za LED huwasha vipande vile vile kwa hali zote mbili, zikitofautisha kwa resista (kizuizi cha mkondo) tu, na nyingine tofauti yake haifiki hata mara tatu. Kupima si kazi. Chumba kiwe giza, weka simu yenye programu ya kupima mwanga mita moja kutoka kwenye taa, soma namba bila breki, kisha na breki. Usijali kama simu inasoma sawasawa, unachotafuta ni uwiano. Chini ya tano, rudisha balbu dukani hata kama inang'aa vipi.

Indiketa kuwa taa za kudumu

Hapa ndipo upana unapopatikana, na ndipo pia watu wanapounguza waya. Kuna njia tatu, nazo hazilingani.

*Soketi ya filamenti mbili.* Unatoa soketi ya BA15s yenye filamenti moja na kuweka ya BAY15d. Pini za BAY15d zimepishana kwa urefu ili balbu isiingie kinyume, kwa hiyo kubana balbu mpya kwenye soketi ya zamani hakuwezekani. Filamenti kubwa inabaki kwenye waya wa indiketa, ndogo inaungwa na waya wa taa ya nyuma. Mzigo unaoongezeka ni wati 10 kwa jozi, chini ya ampea moja, ambao alteneta nyingi zinaubeba. Kama shina la indiketa limekaa juu ya raba, vuta waya wa ethi wa kwake.

Njia hii hutoa mwanga wa kudumu tu. Wengi hujaribu kuongeza na breki kwa kuunga waya wa breki kwenye filamenti kubwa za pande zote mbili, na hapo mambo huharibika: waya huo unakuwa daraja. Ukiwasha indiketa ya kushoto, umeme unavuka hadi ya kulia na hadi taa ya breki, zote zinamweka pamoja. Ukiweka dayodi (kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu) kuzuia kurudi huko, bado ukiwa umekanyaga breki filamenti imeshawaka tayari, na indiketa haionekani ikimweka. Kwa balbu za wati 21, dayodi ya 1N4007 nayo ni ndogo, kwani hubeba ampea moja wakati balbu moja hula 1.75, 1N5404 ya ampea tatu ndiyo inayofaa. Ila bora usifike huko.

*Moduli.* Kisanduku kidogo kinachokaa kati ya waya za pikipiki na indiketa. Kinapokea waya za kudumu, breki, kushoto, kulia na ethi, kisha kinaamua nani atangulie: indiketa kwanza, breki ifuate, mwanga wa kudumu mwisho. Ukiashiria kushoto huku umekanyaga breki, kushoto kunamweka na kulia kunabaki kama breki. Moduli nzuri huzima kabisa mwanga wa kudumu wa upande unaoashiria, ili kila mmweko uanze kwenye giza. Uliza hilo kabla ya kununua. Uliza pia inabeba ampea ngapi kwa kila upande, kwani zilizotengenezwa kwa LED huungua zikipewa balbu za wati 21. Na balbu za wati 21 zilizoshikiliwa kwa breki kwenye foleni huweza kulainisha lenzi ndogo ya plastiki iliyoundwa kwa kumweka tu.

Shida iliyobaki ni rangi. Kwa Kanuni Namba 53 ya Umoja wa Mataifa, inayofuatwa na nchi nyingi, indiketa ni za chungwa na taa ya nyuma ya kudumu ni nyekundu. Taa ya chungwa iliyotulia ikitazama nyuma haikubaliki. Marekani inaruhusu indiketa ya nyuma iwe nyekundu au ya chungwa, ndiyo maana baadhi ya Harley-Davidson za soko la huko hutoka kiwandani na indiketa nyekundu zinazofanya kazi zote tatu. Kunakili mpangilio huo penye sheria nyingine ni kujitafutia kesi.

*Indiketa za LED za rangi mbili.* Lenzi haina rangi; ndani kuna LED nyekundu za kudumu na breki, na za chungwa za kuashiria. Hizi ndizo zinazoshinda katika ulinganisho huu wote. Upana upo, rangi ziko mahali pake, na ishara haipotei kwa kuwa rangi yenyewe inabadilika. Kila moja huwa na waya nne: ethi, kudumu, breki, ishara. Hakikisha nyekundu inazimika chungwa inapomweka. Zikiwaka pamoja, kwa mbali huonekana kama rangi moja isiyoeleweka.

Utepe na taa ya ziada ya breki

Utepe wa LED chini ya mkia au kando ya kibao cha namba huongeza eneo la mwanga kwa kazi ndogo. Utepe wa volti 12 hukatwa kila baada ya LED tatu, kwenye alama. Tatizo ni kwamba pikipiki inayochaji hutoa hadi volti 14.4, na volti 12 za utepe wa mapambo ni 12 kweli. LED tatu nyekundu hula kama volti 6.3 kati yake, kilichobaki kinakwenda kwa resista. Volti zikipanda hadi 14.4, mkondo unapanda kwa karibu asilimia 40. Utepe unapata joto, kisha LED zinaanza kufa tatu tatu. Nunua ulioandikwa volti 9 hadi 16, au utangulizie kidhibiti cha volti. Gundi yake hushika vizuri pale tu plastiki ilipofutwa kwa spiriti, na sehemu ulipokata zibe kwa silikoni, la sivyo maji yataingilia hapo.

Unga utepe kwenye waya wa breki peke yake. Hapo unakuwa umeongeza tofauti bila kugusa mwanga wa kudumu, na ndiyo nafuu kubwa ya njia hii kuliko kubadilisha balbu.

Taa nzima yenye indiketa ndani yake

Inapendwa kwa sura. Mkia unabaki msafi. Kwa kuonekana, hii ndiyo mbaya kuliko zote. Indiketa zinakaa sentimita chache kutoka kwenye breki, na breki ikiwaka inazimeza. Upana uliokuwa sentimita 30 unageuka 10. Kama lazima uiweke, zibakize indiketa za pembeni.

Breki inayometameta

Moduli hizi humwekesha taa ya breki mara kadhaa kisha kuituliza. Chukua zinazotulia baada ya mimweko michache, na zenye muda wa kusubiri kabla ya kumweka tena, ili kila mguso mdogo kwenye foleni usigeuke disko. Zinataka LED, filamenti haiwahi kupoa kati ya mmweko na mmweko. Ndiyo maana kanuni za Umoja wa Mataifa kuhusu ishara ya breki ya ghafla kwenye magari zinataka mimweko 4 kwa sekunde, ikiruhusiwa moja zaidi au pungufu, lakini taa za filamenti zinaruhusiwa kushuka tu, si kupanda. Ishara hiyo ya magari huja pale tu gari linapofunga breki kwa nguvu. Nchi nyingi zinataka taa ya kawaida ya breki iwake bila kumweka, kwa hiyo soma sheria kwanza.

| Njia | Upana | Tofauti ya breki | Kinachoharibika |
|---|---|---|---|
| Balbu ya LED | hauongezeki | hutegemea balbu. Pima | doa katikati, namba nyekundu |
| Soketi ya filamenti mbili | mzuri | haibadiliki | rangi kinyume cha sheria |
| Moduli | mzuri | nzuri sana | kuungua kwa balbu kubwa |
| LED za rangi mbili | mzuri | nzuri sana | flasha (kifaa kinachomwekesha indiketa) kukataa |
| Utepe wa breki | kidogo | nzuri | joto, maji |
| Taa yenye indiketa ndani | unapungua | mbaya | ishara kumezwa |
| Breki ya kumeta | hauongezeki | nzuri mwanzoni | sheria |

Viakisi na utepe mwekundu wa kuakisi havimo kwenye jedwali kwa sababu havishindani na chochote. Weka. Hufanya kazi hata pikipiki ikizimika barabarani usiku.

Flasha: kielektroniki au resista?

Flasha ya zamani huhesabu mzigo. Ukiweka LED, mzigo unashuka, na indiketa zinamweka mbio au zinawaka tu bila kumweka. Mwendo unaokubalika ni mimweko 60 hadi 120 kwa dakika.

Flasha ya kielektroniki isiyojali mzigo ndiyo dawa. Zipo za pini mbili na tatu: B ni umeme unaoingia, L unaokwenda kwenye taa, E ni ethi. Mpangilio wa pini hutofautiana kati ya watengenezaji, kwa hiyo soma herufi, usifuate umbo la plagi. Ya pini mbili ikigoma, badilisha waya upande kwa upande kabla hujaitupa.

Resista ya omu 6.8, wati 50, inayofungwa kati ya waya wa ishara na ethi, huiga balbu ya wati 21. Inafanya kazi, lakini kwa volti 13.5 inachoma wati 27 kila inapopata umeme, joto la kuyeyusha plastiki na kubabua mkono. Ifunge kwenye chuma kwa skrubu, kamwe si kwa gundi. Itumie pale tu kompyuta ya pikipiki inapokagua balbu na kulalamika.

Tatizo jingine hujitokeza kwenye pikipiki yenye taa moja tu ya ishara kwenye dashibodi. Taa hiyo imeungwa kati ya kushoto na kulia. Umeme wa kushoto hurudia ethi kupitia balbu za kulia. Balbu hazikuujali mkondo huo mdogo, LED huwaka nao, na indiketa zote nne zinamweka pamoja. Tenga waya mbili za taa ya dashibodi, weka dayodi ya 1N4007 kwenye kila mmoja, mstari uliochorwa kwenye mwili wa kila dayodi ukielekea kwenye taa, ziunganishe ziingie upande mmoja wa taa, na upande wa pili upeleke ethi.

Kabla ya kukata waya

Pikipiki nyingi ndogo hulisha taa ya mbele na ya nyuma kwa umeme wa AC (unaogeuka mwelekeo kila mara, tofauti na DC wa betri) moja kwa moja kutoka kwenye alteneta. Dalili: injini ikizimwa taa ya nyuma haiwaki, na ikiwaka mwanga hufuata gesi. LED za DC humeta na kufa mapema hapo. Hamisha mwanga wa kudumu uchukue umeme wa betri unaopitia swichi ya ufunguo, kupitia fyuzi ya ampea 3. Breki na indiketa huwa tayari kwenye betri.

Kwenye Honda nyingi, kijani ni ethi, kahawia taa ya nyuma, kijani chenye mstari wa njano breki, chungwa kushoto, bluu hafifu kulia. Yamaha hutumia nyeusi kwa ethi, bluu taa ya nyuma, njano breki, kahawia iliyokolea kushoto, kijani kilichokolea kulia. Thibitisha kwa taa ya majaribio, kwani mmiliki aliyetangulia huenda alibadilisha.

Waya wa milimita 0.5 za mraba unatosha kwa LED. Lehemu kwa risasi, funika kwa mpira wa kujibana wenye gundi ndani, na usitumie vibanio vya kutoboa waya. Kutu huanzia pale vilipotoboa. Weka plagi isiyopitisha maji karibu na mkia ili mkia utoke bila kukata.

Kwa pikipiki ndogo yenye balbu na matumizi ya mjini, tengeneza ethi, rekebisha swichi, ongeza utepe wa breki na viakisi. Hapo umepata sehemu kubwa ya faida. Anayesafiri usiku kwenye barabara za kasi achukue indiketa za rangi mbili na flasha ya kielektroniki, na aziweke mbali mbali kadiri shina linavyoruhusu. Ukimaliza, mwite mtu asimame mita 50 nyuma saa sita mchana, jua likipiga lenzi, umfanyie kila ishara bila mpangilio naye aitaje kwa sauti. Akikosea kati ya breki na indiketa, punguza mwanga wa kudumu, halafu rudieni.